Pazia, Neti na Chandarua

Miongoni mwa majina ya vifaa vya chumba cha kulala yapo yasiyotutaabisha. Foronya tuliipokea kutoka Kireno na kabati kutoka Kiingereza, wala hakuna aulizaye tena asili yake. Taabu iko dirishani. Wauza vitambaa huliita pazia jembamba lipitishalo mwanga "neti", na jina hilohilo hutumika kwa chandarua. Mfasiri wa orodha ya manunuzi ya bweni akiandika "neti 40", mzabuni aweza kuleta mapazia, na wanafunzi wakalala na mbu.

Twapendekeza, basi, chandarua kibaki cha kitandani, na lile la dirishani liitwe pazia jepesi. Lizuialo mwanga, ambalo ndilo lifaalo zaidi chumba cha kulala, liwe pazia zito. Upana wa kitambaa nao utajwe: kwa kawaida huwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa dirisha, ili marinda yapatikane. (Marinda ni ya gauni, lakini hatuoni sababu ya kulinyima pazia neno hilo.)

Chuma cha kutungikia mafundi hukiita bomba la pazia. Wako waonao kuwa jina hilo ni la mtaani mno. Sisi twaona lafaa, kwani chenyewe ni bomba hasa, tupu ndani.