Waya wa umeme kambini: Unene na urefu ndivyo vya kuangaliwa

Magari yanayoteremka kutoka Rironi kwa barabara ya chini hupitia Mai Mahiu kabla ya kutawanyika. Mengine huelekea Narok na Maasai Mara, mengine Longonot, Hell's Gate na ufuo wa Ziwa Naivasha. Katikati ya malori ya masafa marefu huonekana pia magari yenye hema juu ya paa, matrela madogo ya kulala na mabasi madogo yaliyogeuzwa vyumba. Msimu wa Safari Rally, mashindano yaliyorejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 yakiwa na makao yake Naivasha, magari ya aina hiyo huwa mengi zaidi.

Mizigo ya wasafiri hao hufanana: hema, magodoro, makaa, maji ya kunywa, na fundo la waya wa umeme lililosukumwa pembeni. Waya huo, ambao wengi huuita ekstensheni, ndio unaofikiriwa mwisho wakati wa kununua. Aghalabu huchukuliwa ule wa bei ya chini, au ule uliokuwa nyuma ya televisheni sebuleni. Lakini ukifika kambini, ndio unaobeba volti 240 juu ya nyasi zenye umande, ukapita njiani kwa watu, kisha ukaingia ndani ya hema wanamolala watoto.

Ni waya upi basi unaofaa? Kanuni inayojibu swali hilo inaonekana angani upande huo huo wa Bonde la Ufa. Katika kituo cha umeme cha Suswa, kwenye njia ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok, huishia laini ya kilovolti 400 inayotoka Loiyangalani, umbali wa zaidi ya kilomita 400, ikileta umeme wa upepo wa Turkana. Huishia hapo pia laini ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, ambayo Kenya ilianza kupokea umeme wake mwaka 2022. Wahandisi hawakupandisha volti kiasi hicho kwa kujigamba. Umeme unaposafiri, sehemu yake hupotea kama joto ndani ya waya, na upotevu huo huongezeka kwa mraba wa ampea zinazopita: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Volti zikipandishwa, ampea hupungua kwa kazi ile ile, na waya hubaki baridi.

Mpiga kambi hana uwezo wa kupandisha volti. Hupokea 240 zilizoko kwenye soketi, basi. Mikononi mwake kuna mambo mawili tu ya kuamua: waya uwe mnene kiasi gani, na uwe mrefu kiasi gani.

Tuchukue birika la umeme la wati 2,000. Likiwa jikoni nyumbani huvuta zaidi kidogo ya ampea 8. Liunganishwe sasa kwa ekstensheni ya mita 50 yenye nyuzi za shaba za milimita mraba 0.75, yaani waya wa kadiri ya ule wa taa ya mezani. Umeme huenda mita 50 na kurudi mita 50, na katika safari hiyo hukutana na ukinzani wa takriban omu 2.6. Birika litapokea volti zipatazo 220 badala ya 240, na takriban wati 150 zitageuka joto njiani. Waya wa urefu huo huo wenye unene wa milimita mraba 2.5 ungepoteza volti 6 au 7 tu, na joto lake lingekuwa kama theluthi moja ya lile la kwanza.

Wati 150 zikisambaa katika mita 50 za waya ulionyooshwa juu ya nyasi, upepo wa jioni huzichukua. Hatari huanza pale waya unapoachwa umezongwa kwenye gurudumu lake, mita 10 zikitumika na mita 40 zikibaki ndani. Joto lote hilo hukusanyika katika kifurushi kisichozidi ukubwa wa ndoo, halina pa kutokea. Plastiki hulainika, nyaya mbili zilizokuwa zimetenganishwa hugusana, na moto huzuka. Ndiyo sababu magurudumu yaliyotengenezwa vizuri huandikwa viwango viwili vya wati: kimoja cha waya uliozongwa, kingine cha waya uliokunjuliwa wote. Tofauti kati ya viwango hivyo huwa kubwa, na mara nyingi cha kwanza hakifiki hata nusu ya cha pili. Anayetaka kuchemsha maji au kuwasha hita hana budi kukunjua waya wote, hata kama soketi iko hatua tano kutoka kwenye gari.

Wengi hudhani kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi italinda kila kitu. Plagi ya pini tatu inayotumika Kenya huuzwa kwa kawaida ikiwa na fyuzi ya ampea 13. Waya wa milimita mraba 0.75 haukukusudiwa kubeba zaidi ya ampea 6 hivi. Kwa hiyo waya unaweza kuungua huku fyuzi ikitulia kana kwamba hakuna lililotokea. Fyuzi ya ampea 5 ingefaa zaidi kwa waya kama huo. Wanaoondoa fyuzi iliyokatika na kuweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara huwa wameondoa hata ulinzi huo mdogo.

Jambo la pili, na ndilo linaloua, ni waya wa ardhi. Ekstensheni kamili huwa na nyaya tatu ndani: wa kahawia unaoleta umeme, wa bluu unaorudisha, na wa kijani na manjano unaokwenda ardhini. Zile za kuundwa mitaani mara nyingi huwa na mbili tu. Taa itawaka na simu itapata chaji, na mwenyewe hatagundua upungufu wowote. Lakini siku waya wa ndani ya jokofu dogo au wa gari la kulala utakapochubuka na kugusa bati, bodi zima litakuwa na umeme, na wa kwanza kuushika mlango akiwa pekupeku kwenye matope ndiye atakayekuwa njia ya umeme huo kwenda ardhini. Ampea chache tu za elfu, kama 10 hivi, zinatosha kukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuachia.

Kwa sababu hiyo kambi yenye soketi za nje yapasa kuwa na swichi ya usalama ambayo mafundi huiita RCD. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio, na mgeni ana haki ya kumwomba mwenye kambi akibonyeze mbele yake. Ikiwa umeme haukukatika, heri kulala kwa tochi.

Kwa wenye jenereta lipo tatizo jingine. Jenereta nyingi ndogo hazijaunganishwa na ardhi, na katika hali hiyo RCD iliyochomekwa baadaye inaweza isifanye kazi inavyotarajiwa. Inafaa fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, aikague kabla ya safari. Wala isivutwe karibu na hema kwa ajili ya kufupisha waya. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ile ile inayowaua watu wanaoingiza jiko la makaa ndani ya hema kwa kukimbia baridi ya Naivasha.

Tatizo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni la magari yenyewe. Sehemu kubwa ya magari yaliyotumika yanayoingia Kenya hutoka Japani, na yakiwamo ya kulala, vifaa vyake vya ndani vilitengenezwa kwa volti 100. Ya Marekani hutumia volti 120, na magari makubwa ya huko huwa na plagi nene ya ampea 30 au 50. Kukata plagi ya asili na kufunga ya pini tatu hakubadilishi kilicho ndani. Kifaa cha kutoa joto kilichoundwa kwa volti 100 kikipewa 240 huvuta nguvu karibu mara sita ya ile iliyokusudiwa, na hakidumu. Kinachohitajika ni transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo wa kubeba mzigo wote, au vifaa vipya vya volti 240. Na ile desturi ya kutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie ni ya kuachwa nyumbani, au tuseme hata nyumbani iachwe.

Watalii wanaovuka Afrika kwa magari kutoka Ulaya huja na waya wao: wa rangi ya machungwa, mita 25, milimita mraba 2.5, wenye plagi ya bluu ya ampea 16 iliyofunikwa isiingie maji. Huo ni mfano mzuri wa kuiga. Wanapotumia kiunganishi cha kuuingiza katika soketi ya pini tatu, kikomo chao hushuka hadi ampea 13, yaani wati zipatazo 3,100. Birika la wati 2,000 na koili ya kupikia ya wati 1,500 haviwezi kuwashwa pamoja.

Mvua nayo haina budi kufikiriwa. Safari Rally ya mwaka 2024 na ile ya 2025 zilifanyika Machi, mwezi ambao masika huanza. Kiungo kati ya ekstensheni mbili kisilazwe chini kamwe. Kininginizwe juu ya tawi au kigingi, na waya ulegee kidogo ili maji yadondoke kabla ya kukifikia. Waya usipite mahali magari yanapogeukia. Kando ya ziwa viboko nao hutoka usiku kula nyasi, na hawajui kuruka waya.

Dukani, ukweli wa waya huonekana kwenye ganda lake. Wa kuaminika huwa umepigwa chapa ya idadi ya nyaya na unene, kwa mfano 3 x 1.5 au 3 x 2.5, pamoja na alama ya shirika la viwango, KEBS. Upo pia waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, ambao hupitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba halisi na huvunjika upesi unapokunjwa mara kwa mara. Uzi mmoja ukikwaruzwa kwa kisu na ndani ukawa mweupe, si shaba. Kwa mita 25 na matumizi ya taa, simu na jokofu dogo, milimita mraba 1.5 inatosha, kwa kupikia, au kwa umbali unaozidi hapo, 2.5.

Na ikitokea mtu ameshikwa na umeme, asiguswe. Umeme ukatwe kwanza kwenye soketi au kwenye swichi kuu. Ikishindikana, asukumwe mbali na waya kwa ubao mkavu au kiti cha plastiki. Akishaachana na waya na iwapo hapumui, moyo wake uanze kusukumwa kwa viganja katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, misukumo 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzake akipiga 999 au 112.