Spika ya Nane Inasoma Sita

Ukinunua spika iliyoandikwa omu 8, kisha fundi akaipima kwa mita yake, mara nyingi mshale husimama karibu na 6. Hapo ndipo ugomvi huanza. Mnunuzi hudai kauziwa spika iliyosukwa upya, mwenye duka huapa kwamba ni mpya, na fundi, kwa kuwa mita iko mkononi mwake, hugeuzwa hakimu. Kesi hiyo huweza kutokea Kilakala kama Kariakoo, na mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Mita ile hupima kwa betri. Betri hutoa mkondo mnyoofu, uendao upande mmoja tu, nao hukutana na ukinzani wa waya wa shaba peke yake. Lakini muziki unapotoka kwenye amplifaya, mkondo huenda na kurudi mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na koili huyapinga mabadiliko hayo. Upinzani huo pamoja na ukinzani wa waya ndio impidansi, jina lililotungwa na Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886. Omu 8 za kwenye spika ni za impidansi. Omu 6 za fundi ni za shaba.

Mwenye shaka na atazame transfoma. Koili ya kuingizia umeme ikisoma omu 40, hesabu ya kawaida itasema volti 230 zitasukuma karibu ampea 6 na kuiunguza. Haiungui. Umeme wa nyumbani hugeuka mizunguko 50 kwa sekunde, na mbele ya umeme huo koili ni mlango mzito mno.

Fundi anayetaka kupima kweli afunge rezista ya omu 10 mfululizo na spika, apitishe mlio mmoja wa mizunguko 400 hivi kutoka kwenye amplifaya, kwa sauti ndogo, kisha apime volti za mkondo geu. Rezista ikisoma volti 1 na spika volti 0.8, impidansi ni omu 8. (Mlio mwembamba zaidi huzipotosha mita nyingi za bei nafuu.) Mlio ukibadilika, jibu nalo hubadilika, wala hiyo si kasoro.

Hasara yenyewe huja siku ya harusi. Spika nne za omu 8 zikifungwa zote sambamba hubaki omu 2. Amplifaya isiyotakiwa kushushwa chini ya omu 4 hubebeshwa mkondo maradufu, na transista huungua bibi harusi akiwa mlangoni. Zingefungwa mbili mbili mfululizo, kisha jozi hizo sambamba, zingerudi omu 8, na shughuli ingeendelea.

Wenye redio za ridhaa, ambao kwa Tanzania alama zao za mwito huanza na 5H, wanalijua jambo hili vizuri. Mitambo yao kwa kawaida hutaka omu 50, na waya wa mviringo wa antena ya televisheni ni wa omu 75. Visipolingana, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka. Nayo mita ya betri, ukiishika kwenye waya huo usiofungwa kitu mwishoni, haitasema 50 wala 75. Itasema tu kwamba njia imekatika. Kuipata namba hiyo lazima utumie kipimo kinachopeleka mawimbi yenyewe ya redio ndani ya waya.