Hesabu za afya zinaanzia mlangoni kwako



Mara kwa mara unawaona watu wa afya wakipita vijijini na daftari, mizani na utepe wa rangi. Wanaingia nyumba moja, wanaruka kadhaa, wanaingia nyingine. Wanauliza mko wangapi, nani amezaliwa, nani ameugua, nani amefariki. Huenda umejiuliza kazi hii ni ya nini, na kwa nini maswali ni yale yale kila mwaka.

Kazi hiyo ni utafiti wa afya, na hesabu zake huitwa takwimu. Si siri ya madaktari. Anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kuelewa misingi yake. Tujifunze pamoja, maana hesabu hizi ndizo hutumika kuamua wapi pachimbwe visima, wapi paongezwe dawa na watoto gani wapewe uji wa lishe.

Idadi peke yake haitoshi

Tuseme kuna kambi mbili, A na B. Mwezi uliopita, wenye siku 30, kambi A walikufa watu 36. Kambi B walikufa watu 27. Wapi hali ni mbaya zaidi? Ukijibu haraka utasema A. Ngoja kwanza uulize: wanaishi watu wangapi katika kila kambi?

Kambi A ina watu 40,000. Kambi B ina watu 6,000. Sasa fanya hesabu hii: zidisha idadi ya watu kwa idadi ya siku, gawanya vifo kwa jibu ulilopata, kisha zidisha kwa 10,000.

Kambi A: 40,000 mara 30 ni 1,200,000. Vifo 36 gawanya kwa 1,200,000, zidisha kwa 10,000, unapata 0.3.

Kambi B: 6,000 mara 30 ni 180,000. Vifo 27 gawanya kwa 180,000, zidisha kwa 10,000, unapata 1.5.

Jibu hili huitwa kiwango cha vifo: watu wangapi wanakufa kila siku katika kila watu 10,000. Kwa kawaida, kikifika kifo 1, mashirika huhesabu kwamba ni hali ya dharura. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano mpaka huo ni vifo 2 katika kila watoto 10,000. Kwa hiyo kambi B, yenye vifo vichache, ndiyo iliyo katika hatari.

Mfano wa kweli ni Goma. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, kati ya 500,000 na 800,000, waliingia Kivu ya Kaskazini, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Kipindupindu kiliwapiga, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000. Je, ni sehemu gani ya watu wote? Ukigawanya kwa 500,000 unapata asilimia 10. Ukigawanya kwa 800,000 unapata asilimia 6 na kidogo. Idadi ya marehemu ni ile ile, lakini kwa kuwa walio hai hawakuhesabiwa sawasawa, majibu yanatofautiana sana. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa katika kambi za huko ulionyesha vifo kati ya 20 na 35 kwa siku katika kila watu 10,000. Linganisha na ule mpaka wa kifo 1, utaelewa ukubwa wa msiba ule.

Kipimo kiwe kimoja

Utepe wa rangi hupima mzunguko wa mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali, apelekwe kutibiwa mara moja. Kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni njano: lishe yake imepungua. Kuanzia 125 ni kijani.

Tofauti ya nyekundu na kijani ni milimita 10 tu, yaani sentimita moja. Mpimaji akivuta utepe kwa nguvu, mtoto mwenye afya ataonekana mgonjwa. Akiulegeza, mgonjwa ataonekana mzima. Ndiyo sababu hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, ukiwa umelegea. Na ndiyo sababu wapimaji hupewa watoto wale wale kupima mara mbili kabla ya kuanza kazi, ili ionekane kama mikono yao inakubaliana. Mama, mpimaji akirudia kumpima mwanao, usikasirike. Anahakikisha.

Kwa nini nyumba yangu na si ya jirani?

Anayenunua gunia la mahindi hamwagi gunia zima chini. Anachoma kwa bambo, anatoa punje chache, anaangalia kama zimeoza. Lakini mnunuzi mwerevu hachomi juu tu. Anachoma juu, katikati na chini, maana muuzaji anaweza kuweka mahindi mazuri juu.

Watafiti hufanya vivyo hivyo. Punje wanazochukua huitwa sampuli. Kwa miaka mingi uchunguzi wa chanjo ulifanywa kwa kuchagua makundi 30 ya nyumba na watoto 7 katika kila kundi, jumla watoto 210. Nyumba huchaguliwa kwa kura, si kwa sura wala kwa kujuana. Kama mtafiti angepita nyumba za kando ya barabara tu, au zilizo karibu na zahanati, angekuwa amechoma gunia juu tu.

Hivyo basi, ikiwa kura imeangukia kwako na hukuwapo, usishangae wakirudi jioni. Hawatakiwi kuhamia kwa jirani kwa kuwa yeye yupo. Huenda wewe hukuwapo kwa sababu ulikuwa wodini unamuuguza mtoto, na nyumba za namna hiyo zikirukwa, ugonjwa utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Jua pia kwamba sampuli haitoi jibu la uhakika kabisa. Ukisikia mkutanoni kwamba watoto 12 kwa mia wana utapiamlo, uliza: kati ya ngapi na ngapi? Wakijibu “kati ya 9 na 15”, na mwaka jana ilikuwa 11, basi huwezi kusema hali imeharibika. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuwa bahati ya kura tu. Kadiri sampuli inavyokuwa kubwa, ndivyo nafasi hiyo inavyopungua.

Kulinganisha ili kujua chanzo

Kuhesabu wagonjwa hakutoshi kujua ugonjwa unapitia wapi. Ni lazima kuwalinganisha na wasiougua. Kambi ya Kakuma, nchini Kenya, ilipata kipindupindu mwaka 2005. Walitibiwa watu 418, na wanne walifariki. Watafiti waliwauliza waliougua na wasiougua maswali yale yale: maji mnaweka wapi, choo mnatumia na nani, mlifika lini.

Walikuta kwamba waliotumia choo pamoja na familia tatu au zaidi waliugua zaidi. Waliofika kambini karibuni nao waliugua zaidi. Waliohifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa waliugua kidogo. Kama wangewauliza wagonjwa peke yao, wasingejua hayo, kwa kuwa kutumia choo pamoja ni jambo la wengi kambini.

Hapa kuna tahadhari. Mambo mawili kwenda pamoja si lazima moja liwe limezaa jingine. Ugeni si kijidudu. Mgeni anaweza kuwa hana chombo chenye mfuniko, au choo chake bado hakijachimbwa. Kila unapoambiwa “wanaofanya hivi wanaugua”, uliza kuna kitu gani kingine wanachokuwa nacho pamoja.

Kifo kilichofichwa

Sasa tuseme lililo gumu. Wapo wanaoficha msiba ili kadi ya posho isipunguzwe mtu. Hofu hiyo inaeleweka, posho ni maisha. Lakini rudi kwenye kambi B. Vifo vilikuwa 27, kiwango 1.5, hali ya dharura. Familia zikificha vifo 15, vitaandikwa 12. Gawanya 12 kwa 180,000, zidisha kwa 10,000: unapata 0.67. Kwenye karatasi kambi imepona. Atakayesoma karatasi hiyo akiwa mbali hataona haja ya kuongeza madaktari wala maji.

Vivyo hivyo, kambi hiyo ikiandikwa ina watu 10,000 wakati waliopo ni 6,000, vifo 27 vitatoa kiwango cha 0.9. Hatari imefichika bila hata kifo kimoja kufichwa.

Kwa hiyo, unapoulizwa, jibu kweli. Ukisahau tarehe, tumia siku inayokumbukwa: kabla ya Idi, baada ya Krismasi, siku ya ugawaji wa shitingi. Usiongeze wagonjwa ukidhani utapata zaidi, maana uongo wa kuongeza nao hupeleka dawa mahali pasipohitaji na kuziondoa panapohitaji.

Wewe nawe una haki. Kabla ya kujibu, muulize mtafiti: unatoka shirika gani, unataka kujua nini, nani ataona majibu yangu, jina langu litaandikwa? Ni wajibu wake kukujibu kwa lugha unayoielewa. Unaweza kukataa, au kuacha katikati, na usinyimwe matibabu kwa sababu hiyo. Na baada ya kazi, wazee na viongozi wa kijiji waombe matokeo yasomwe mkutanoni. Aliyetoa jibu anastahili kusikia lilikofikia.

Zoezi

Vijana mliosoma, na wahamasishaji wa afya, jaribuni hili. Chukua daftari, chora safu nne: tarehe, watu waliopo mtaani, waliozaliwa, waliofariki. Andika kwa siku 30. Kisha jibu: mtaa wenye watu 500, amefariki mtu 1 kwa siku 30. Kiwango ni ngapi, na je, kimevuka mpaka wa dharura?

Jibu ni 0.67, hakijavuka. Angefariki mmoja zaidi, kingekuwa 1.33, kimevuka. Umeona jinsi mtaa mdogo unavyoyumbishwa na kifo kimoja. Ndiyo maana hatuamui kwa mtaa mmoja wala kwa mwezi mmoja, na ndiyo maana kila mlango unaogongwa una uzito.