Kidole Kimoja cha Anga, Safari ya Siku Nzima

Mwandishi Mreno João de Barros, aliyechapisha historia yake mwaka 1552, anasimulia kwamba Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 alimwonyesha mwalimu wa chombo, yaani rubani, aliyepewa pale, astrolabu yake kubwa ya mbao, kifaa cha kupimia kimo cha nyota, na nyingine za madini. Mwalimu hakushangaa. Alisema marubani wa Bahari ya Shamu nao wana vyombo vyao vya shaba, lakini yeye na mabaharia wa Cambay na India yote hutumia vibao vitatu tu.

Vibao hivyo ndivyo vilivyonishika, nikavifuata.

Aina yake inayojulikana zaidi huitwa kamal: kibao cha pembe nne, na katikati yake uzi wenye mafundo. Mwalimu huuma fundo moja, hunyosha uzi mpaka ukaze, kisha hutazama. Ukingo wa chini wa kibao ukalie mstari wa bahari, ukingo wa juu uguse nyota. Fundo moja likizidisha au likipunguza, huuma jingine. Fundo litakalobaki kati ya meno ndilo jibu, na jibu hilo husomwa kwa isba, yaani vidole.

Kwa nini vidole? Nyosha mkono mbele yako, usimamishe kidole kimoja. Wanda wa sentimeta 2, ukiwa sentimeta 70 kutoka jichoni, huziba anga kiasi cha nyuzi 1.6. Mtu atauliza: kidole cha nani? Lakini mwenye kidole kinene mara nyingi huwa na mkono mrefu pia, na kinachopimwa hapa ni uwiano wa viwili hivyo, hata majibu ya watu wawili yakakaribiana. Kipimo hiki kiliweza kutumika hata kabla mtu hajachonga kibao.

Aliyetuachia maelezo marefu kuliko wote ni Ahmad ibn Majid wa Julfar, mji uliokuwa palipo Ras al-Khaimah ya leo. Wapo wanaomtaja yeye kuwa ndiye aliyemvusha da Gama mpaka India. Watafiti wengi sasa wanakataa, na Barros mwenyewe anamtaja rubani yule kuwa Mgujarati. Mimi simhitaji Ibn Majid awe ndani ya chombo kile. Kitabu chake cha mwaka 1490 hivi, Kitab al-Fawa'id, kinatosha, na sauti yake humo ni ya mtu aliyekesha baharini. Mwalimu, anasema, amche Mungu, awe mvumilivu, ajue vituo vya mwezi, pande za dira, misimu ya pepo na dalili za nchi kavu kabla haijaonekana. Mabingwa watatu wa zamani anawaheshimu, ila anawalaumu kwamba walikusanya habari kuliko walivyosafiri. Hata kazi ya baba yake, mwalimu wa Bahari ya Shamu, aliipitia akaisahihisha.

Kwake yeye duara zima ni isba 224, kwa hiyo isba moja ni kama nyuzi 1 na dakika 36. Nilipoiona namba hiyo sikuelewa ilikotoka, wala sikuweza kuiacha. Kisha nikaigawanya. Dira ya walimu hao ina pande 32, zinazoitwa kwa majina ya nyota zinakochomoza na kuzama: 32 mara 7 ni 224. Vituo vya mwezi, yaani sehemu za anga ambazo mwezi huzipitia usiku baada ya usiku, ni 28: 28 mara 8 ni 224 vilevile. Dira na mwezi zinaingia katika namba moja bila kubaki kitu. Je, kidole ndicho kilichotangulia, hesabu ikafuata, au wenye hesabu ndio waliokitengeneza kidole kitoshe?

Lakini lililonivutia kupita yote ni zam, mwendo wa chombo kwa saa tatu. Ukielekea kaskazini moja kwa moja, kila zam 8 nyota ya Jah, hiyo ya kaskazini, hupanda kidole kimoja. Zam 8 ni usiku na mchana. Nimepiga hesabu: nyuzi 1 na dakika 36 ni kama maili 96 za baharini, yaani maili 4 kwa saa, mwendo wa jahazi lenye upepo wa wastani. Kwa hiyo mwalimu aliyeambiwa kwamba bandari iko vidole vitatu juu alijua papo hapo maji ya siku ngapi yapakiwe. Nyuzi 360 tulizofundishwa darasani hazikuambii lolote kuhusu maji.

Na Jah yenyewe haikuwa imetulia. Zama hizo ilikuwa mbali na ncha ya anga kwa nyuzi 3 na nusu hivi, zaidi ya vidole viwili, nayo ikiizunguka ncha hiyo kila siku. Ibn Majid anafundisha kusahihisha kosa hilo kwa kufuata vituo vya mwezi. Malindi, nyuzi 3 na ushei kusini mwa Ikweta, Jah iko chini kabisa au imezama. Shajara ya Wareno inasema waling'oa nanga Jumanne tarehe 24 Aprili, na Jumapili wakaiona tena nyota ya kaskazini. Kwa njia ya kusini, mpaka Sofala, ambayo Ibn Majid aliitungia shairi, walimu walitegemea nyota nyingine.

Wanasayansi wa leo hupima pembe kwa radiani, urefu wa tao ugawanywe kwa nusu kipenyo. Neno hilo lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1873, katika mtihani wa James Thomson huko Belfast. Ni uwiano uleule wa kidole na mkono: isba moja ni radiani 0.028. Pembe inayofunguka kila upande kama koni hupimwa kwa steradiani. Mraba wa vidole vinne kwa vinne, mkono ukiwa umenyoshwa, hufunika karibu sehemu moja ya elfu ya tufe lote la anga.

Mwaka 1960 wakuu wa vipimo duniani waliziweka radiani na steradiani katika kundi la pembeni, wasiamue kama ni vizio vya msingi au la. Mwaka 1995 kundi hilo likafutwa, vyote viwili vikahesabiwa kuwa namba tupu, sentimeta kwa sentimeta, eneo kwa eneo. Wapo wanafizikia ambao hawajaridhika hadi leo, na hoja yao naielewa. Kama pembe ni namba tupu, basi isba ya Ibn Majid ilikuwa inapima nini, iliyoweza kugeuzwa kuwa siku za safari na mapipa ya maji?