Ufito Mrefu na Mkono wa Mvuvi

Mtu wa Tibirinzi, Pemba, akishuka kuvua katika hori la Chake Chake kwa mshipi mtupu, samaki avutaye kwa kani ya nyutoni 5 humlemea mkono kwa 5 zizo hizo. Akitumia ufito wa meta 4, mlalo, kitako kikiegemea kiunoni na mkono ukiwa sentimeta 40 mbele yake, humpasa kuinua kwa nyutoni 50, mbali na uzito wa ufito wenyewe! Faida yake ni umbali: ncha huivuka mizizi ya mikoko. Basi achague ncha nyepesi. Gurudumu la kukunjia mshipi lisimtishe. Nyutoni 3 penye mkono huongeza momenti ya nyutoni-meta 1.2 tu, nchani zingeongeza 12.