Kura "Zilizopigwa" ni Zipi?

Mwaka wa 1992, Daniel arap Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura. Sheria ilimtaka tu awazidi wapinzani wake wote na kupata asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Kifungu cha 138 cha Katiba ya 2010 kilipandisha kigezo hicho: zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Anayekosa hurudi debeni na aliyemfuata.

Utata umo katika neno "zilizopigwa". Mwaka wa 2013, Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, hesabu iliyojumuisha kura zilizokataliwa, zaidi ya 100,000. Mahakama ya Juu iliamua kuwa kura hizo zisihesabiwe, na asilimia yake ikapanda. Wanaouunga mkono uamuzi huo husema kwamba kura iliyoharibika haimchagui yeyote. Ni kweli. Lakini kitenzi "piga" hutaja tendo la mpiga kura, wala si ubora wa alama yake (hata mpira uliopaa juu ya goli ulipigwa!). Kama zilikusudiwa kura halali, neno "halali" lilikuwepo.