Nilimtengea Kikombe, Sikumtenga Moyoni

Usiku wa manane mume wangu alikimbilia chooni kwa mara ya nne, anatapika na kuharisha. Ndoa yetu ilikuwa na miezi saba tu, tumepanga vyumba viwili hapa Likombe, Mtwara. Kulipokucha nikamtengea kikombe, sahani, taulo na ndoo yake. Akanitazama kwa unyonge: "Yaani mke wangu umeshaanza kunionea kinyaa?"

Mchana mama mkwe akaja kumjulia hali, akanimaliza kabisa. "Mwanangu, siye tumekulia sinia moja. Mgonjwa hatengwi."

Mpenzi msomaji, hapo ndipo wengi tunapokwama. Tunaona aibu, tunaendelea kula pamoja, kesho nyumba nzima inapigania choo! Virusi vya tumbo havijui mapenzi. Norovirusi, kwa mfano, vichache tu vinatosha kukulaza, na huhama kutoka kwenye matapishi na kinyesi hadi kwenye kitasa, koki na simu.

Nikamjibu kwa upole: "Mama, nautenga ugonjwa, simtengi mwanao." Kisha nikamwonyesha nilichofanya.

Mikono kwanza. Maji tiririka na sabuni, kila utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Vile vitakasa mikono tulivyovizoea wakati wa korona mwaka 2020 havifui dafu kwa norovirusi.

Matapishi nilifuta nikiwa na glovu, kisha nikapaka jiki ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji, nikaacha dakika 10. Fungua madirisha, na usichanganye jiki na dawa nyingine ya usafi.

Kumnywesha ndiyo tiba yenyewe. Pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee. Huna pakiti? Lita 1 ya maji, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Usikimbilie antibayotiki, haziui virusi. Mtoto apewe ORS na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14. Chanjo ya rotavirusi ipo nchini tangu 2013.

Ukiona damu, mkojo kukauka, macho kuingia ndani, kulegea au choo kama maji ya mchele, usisubiri asubuhi. Kipindupindu huua ndani ya saa chache. Mkimbize hospitali.

Siku ya tatu akapata nafuu, akataka kuingia jikoni kunipikia. Nikamkatalia. Anayeugua asipike mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe.

Siku ya tano mama alikuja tena, na samaki mkononi. Kabla ya kula akachukua jagi na sabuni, akammiminia mwanawe maji. "Osha vizuri, baba. Mkeo hataki mchezo." Tukacheka wote watatu.

Mimi wala yeye hatukuugua. Wewe je, mwenzio akianza kutapika leo usiku, sabuni na ORS zipo ndani?